Hofu ya kupiga simu inavyokula mtaji wa biashara za nyumbani

KATIKA kurasa za masoko msomaji amezoea kukuta bei: gunia la mpunga limeuzwa kwa kiasi gani, kilo ya ufuta imefikia wapi, nauli ya mzigo imepanda au imeshuka. Wiki hii tunaizungumzia gharama moja isiyoonekana katika jedwali lolote la bei, ingawa wafanyabiashara wadogo wadogo, hasa akina mama wanaouzia majumbani, huilipa kila mwezi. Gharama hiyo ni simu ambayo mtu alipaswa kuipiga, akaogopa, na mwishowe hakuipiga.

Mfano wetu tunauchukua Mloka, kijiji kilicho kando ya Mto Rufiji, wilayani Rufiji, jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Msafiri wa kutoka Dar es Salaam hufika Kibiti kwa barabara kuu ya kusini, kisha huiacha na kushika njia ya kuelekea magharibi, njia ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa vumbi la kiangazi na matope ya masika. Mwenye biashara Mloka hawezi kwenda Kariakoo kila anapotaka kujua bei. Hawezi pia kutembea kwa miguu hadi Mwaseni, Mtanza na Mkongo kila anapotaka kujua nani anahitaji nini. Kwake simu ndiyo duka, ndiyo karani na ndiyo mtu wa kukusanya madeni.

Hata hivyo, simu hiyo hiyo ndiyo inayoogopwa.

BEI YA WOGA

Tumchukulie mama mmoja mkazi wa kijiji hicho. Hatumpi jina kwa kuwa ni mfano tu, lakini wasomaji wengi watamtambua. Kila baada ya muda hupanda basi kwenda Kariakoo, akarudi na mfuko wa shangazi kaja uliojaa vijora, vitenge na mashuka. Hana fremu ya duka. Mali inakaa chumbani, na wateja ni ndugu, majirani, walimu, wauguzi na wafanyakazi wa kambi za watalii zilizo karibu na lango la hifadhi.

Tuseme safari hii ameingia na mtaji wa shilingi 300,000 na kununua vijora 20 kwa shilingi 15,000 kila kimoja. Anauza kila kimoja shilingi 20,000, hivyo anategemea kupata shilingi 400,000. Nauli na gharama za mzigo ni shilingi 30,000. Faida anayoitarajia ni shilingi 70,000. Hizi si bei za soko, ni hesabu ya mfano, na msomaji anaweza kuweka tarakimu zake mwenyewe.

Vijora vinane vinauzwa taslimu. Vilivyobaki 12 vinachukuliwa kwa mkopo wa mwisho wa mwezi, yaani madeni ya shilingi 240,000. Mwisho wa mwezi unafika. Jioni mama anaketi barazani, anaishika simu, anapitia majina. Huyu atakuwa amechoka. Yule atasema ninamsumbua. Huyu ni wifi yangu, nitamwambiaje? Salio nalo ni dogo, lisije likaishia kwenye salamu. Simu inawekwa chini. Mama anajiambia kwamba atakutana nao kwenye harusi au msibani.

Tuseme katika wale 12, watano hawakulipa kwa kuwa hawakuulizwa. Hizo ni shilingi 100,000. Mama amekusanya shilingi 300,000 tu, ambazo ni mtaji wake ule ule, na bado nauli ya shilingi 30,000 imetoka mfukoni. Faida yote imekwisha na mtaji wenyewe umeanza kuliwa. Watu watasema biashara ya vijora hailipi. Tatizo halikuwa vijora. Zilikosekana simu tano.

Hata madeni hayo yakilipwa baadaye, ucheleweshaji nao una bei yake. Mtaji unaozunguka kila mwezi kwa faida ya shilingi 70,000 unaleta shilingi 840,000 kwa mwaka. Mtaji ule ule ukizunguka mara moja kila miezi mitatu unaleta shilingi 280,000. Tofauti ni shilingi 560,000. Kama mtaji ulitoka VICOBA, hali ni mbaya zaidi, kwa maana marejesho ya kikundi hayangoji mama apate ujasiri.

HOFU INATOKA WAPI

Watu hudhani kwamba mwenye kuogopa simu ni mvivu au hajasoma. Sivyo. Yupo muuzaji ambaye ukimweka mbele ya wateja kumi uso kwa uso atawachekesha na kuwauzia wote, lakini mpe simu ampigie mmoja tu, sauti inakauka.

Sababu ya kwanza ni kwamba simu inaficha uso. Dukani au barazani muuzaji husoma macho ya mteja. Akiona amekunja uso, hupunguza bei au hubadili mazungumzo. Katika simu hakuna macho. Ukimya wa sekunde mbili, ambao pengine ni mtandao tu, muuzaji huufasiri kuwa ni hasira.

Sababu ya pili ni historia. Wenye umri mkubwa wanakumbuka wakati simu ilikuwa kitu cha ofisini au cha posta. Lilipogawanywa Shirika la Posta na Simu na TTCL kuanza kazi mwaka 1994, vijiji vingi havikuwa na laini hata moja. Habari iliyokuja kwa simu ilikuwa habari nzito: ugonjwa au kifo. Simu za mkononi zilipoenea miaka ya 2000, watu walianza kwa kubipu kwa sababu ya gharama. Mwaka 2008 ilipoingia M-Pesa, simu ikawa pia pochi. Mambo yalibadilika haraka, lakini moyo bado hushituka simu inapolia, na mpigaji naye anajua kwamba anamshitua mtu.

Sababu ya tatu ni matapeli. Nchi nzima inaujua ujumbe ule wa "ile hela itume kwenye namba hii". Kwa hiyo mtu akiona namba asiyoifahamu, husita kupokea. Muuzaji mwaminifu anapigwa na kivuli cha mwizi asiyemjua.

Sababu ya nne ni heshima. Pwani hatuanzi na shida, tunaanza na salamu. Mkubwa anapewa shikamoo, anaulizwa hali, watoto na wagonjwa. Muuzaji anaona akisalimu sana dakika zitakwisha, na akikata salamu ataonekana hana adabu. Kati ya hayo mawili anachagua kutopiga kabisa.

Jambo hili si la Rufiji peke yake. Wamarekani wawili, George Dudley na Shannon Goodson, waliochunguza woga wa wauzaji, waliugawa katika aina 12. Woga wa simu ni mmoja wao. Mwingine ni wa yule asiyethubutu kuwauzia marafiki zake kwa kuchelea kuharibu urafiki. Mwingine ni wa yule anayejiandaa bila mwisho: anapanga daftari, anapiga mistari, anaandika majina upya kwa kalamu nyekundu, jua linatua hajapiga simu hata moja. Kila msomaji ajiulize yeye yuko kundi gani, kwa sababu dawa ya huyu si dawa ya yule.

WOGA ULIO WA HAKI

Kabla ya kuzungumzia dawa, lazima tuseme kwamba kuna woga ambao hautakiwi kuondolewa. Moyo unaposita, wakati mwingine unasema kweli.

Biashara za kuuziana moja kwa moja, nje ya maduka, zina historia ndefu na ya heshima. Nchini Marekani vyombo vya plastiki vya Tupperware viliondolewa madukani mwaka 1951 na kuuzwa katika mikusanyiko ya akina mama majumbani, kazi iliyosimamiwa na mwanamke aitwaye Brownie Wise. Pale kilichouzwa kilikuwa bakuli lenye mfuniko, na mnunuzi alikwenda nalo nyumbani.

Lakini ipo pia biashara ambayo ndani yake hakuna bakuli. Unaambiwa umpigie shangazi yako, umwingize, atoe fedha, naye aingize wengine. Watanzania wanaikumbuka DECI, mpango wa "kupanda na kuvuna" uliokusanya fedha za watu wengi hadi Serikali ilipousimamisha mwaka 2009, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani kwa makosa ya kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Waliowapigia simu ndugu zao kuwashawishi wajiunge walibaki na lawama ukoo mzima.

Kipimo ni rahisi. Kabla ya kupiga, jiulize: mtu huyu akisema ndiyo, atapata kitu gani mkononi, na je, kina thamani ya fedha yake hata kama hatamleta mtu mwingine? Kama jibu lipo, piga. Kama jibu halipo, weka simu chini na uifikirie upya biashara yenyewe. Woga wa namna hiyo ni dhamiri, na umekuokoa.

SIMU NI HODI

Sasa tuje kwa yule ambaye mali yake ni halali, bei yake ni ya haki, lakini bado mkono unatetemeka.

Huyu anakosea jambo moja tu: anadhani kupiga simu ni kuomba. Ndiyo maana anaona aibu, kwa kuwa hakuna apendaye kuwa ombaomba. Lakini desturi yetu ina neno jingine linalofaa zaidi, nalo ni hodi. Mwenye kubisha hodi haombi. Anatangaza kwamba yupo mlangoni na anampa mwenye nyumba hiari: amkaribishe, amwambie asubiri, au akae kimya.

Na hodi ina adabu zake ambazo kila mtoto wa Pwani amelelewa nazo. Mgeni hujitambulisha. Havizii dirishani. Hubisha mara tatu, isipoitikiwa huondoka bila kununa, kwa sababu anajua mwenye nyumba huenda amelala, anaswali au ana udhuru. Kesho akirudi hakumbushi kwamba jana hakufunguliwa.

Muuzaji akizichukua adabu hizo na kuzitia katika simu, sehemu kubwa ya hofu inapungua yenyewe. Ajitaje jina na mahali anapotoka katika sentensi ya kwanza, ili asidhaniwe tapeli. Aseme amepata wapi namba. Aulize kama mwenzake ana nafasi. Simu isipopokewa, asipige mara kumi mfululizo, bali atume meseji fupi yenye jina na jambo lake. Na asimbipu mteja hata siku moja, kwani kumbipu mteja ni kumtaka akulipie gharama ya kuuziwa.

Wakati nao ni sehemu ya adabu. Asubuhi kati ya saa 3 na saa 5, na baada ya Alasiri, ni nyakati nzuri kwa wengi. Magharibi haifai. Mchana wa Ijumaa haufai. Mwezi wa Ramadhani saa za watu hubadilika, na muuzaji abadilike nazo.

NGAZI HUPANDWA KWA KIPANDIO

Mwaka 1958 daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitoa kitabu kilichoeleza njia ya kuondoa hofu kwa hatua ndogo ndogo. Mgonjwa hatupwi katikati ya kile anachokiogopa. Anaanza na kile kinachomtisha kidogo kabisa, anakizoea mwili ukiwa umetulia, ndipo anasogea kwenye kinachofuata. Wazee wetu waliposema haba na haba hujaza kibaba walikuwa njia hiyo hiyo.

Kwa mwenye biashara ya nyumbani, ngazi hiyo inaweza kuwa na vipandio vitano, kila kimoja kwa wiki moja.

Wiki ya kwanza ni simu za shukrani. Kila asubuhi piga simu tatu kwa waliokwisha kununua na kulipa. Uliza kama nguo imekaa vizuri, shukuru, aga. Usiuze kitu. Hapa huombi lolote, kwa hiyo hakuna cha kukataliwa. Utashangaa wangapi wataagiza wenyewe.

Wiki ya pili ni simu za habari. Mzigo umefika, shuka za rangi aliyoitaka zipo, bei ya vitenge imeshuka. Unatoa taarifa, uamuzi ni wake.

Wiki ya tatu ni simu za oda. Hapa unauliza swali moja linalojibiwa kwa ndiyo au hapana.

Wiki ya nne ni simu za madeni, ambazo tutazieleza mbele.

Wiki ya tano ni simu kwa usiowafahamu: mtu wa manunuzi katika kambi ya watalii anayeweza kutaka mikeka ya ukindu, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mwenye duka Ikwiriri au Utete. Hawa huachwa mwisho kwa sababu ndio wagumu. Kosa la wengi ni kuanza nao.

Yapo na mambo madogo yanayosaidia mwili. Simama unapopiga, sauti hutoka vizuri zaidi kuliko ukiwa umejikunyata kitandani. Toka nje, chini ya mwembe au popote mtandao unaposhika, usije ukadhani mteja amekasirika kumbe ni mawimbi. Andika mistari mitatu tu kwenye karatasi: mimi ni nani, nataka nini, nitamalizaje. Isizidi mitatu, usije ukaanza kusoma kama taarifa ya habari. Na mwisho wa siku hesabu simu ulizopiga, si ndiyo ulizopata. Simu ziko mikononi mwako, jibu liko mikononi mwa mwenzako.

MAZUNGUMZO YENYEWE

Ili isionekane tunazungumza nadharia, huu hapa mfano wa simu ya oda kwa mteja mtu mzima.

— Assalaam aleikum.

— Waaleikum salaam.

— Shikamoo, mama. Ni mimi mwanao wa vijora, wa hapa Mloka. Habari za hapo nyumbani?

— Marahaba, mwanangu. Sisi wazima.

— Alhamdulillahi. Mama, nina jambo moja dogo. Una nafasi, au nikupigie baadaye?

— Sema tu.

— Jumamosi nakwenda Kariakoo. Mara ile uliniulizia shuka za sita kwa sita. Nikuletee jozi moja?

— Sina kitu sasa hivi, mwanangu. Ufuta bado haujalipwa.

— Hamna neno, mama. Nikukumbushe baada ya mnada?

— Nikumbushe.

— Ahsante, mama. Nitakupigia. Wasalimie wote.

Mtu mwenye hofu atasema simu hiyo imepotea, kwani amekataliwa. Msomaji wa ukurasa wa masoko atasema vingine. Kwa muda mfupi muuzaji amejua kwamba mteja bado anataka shuka, amejua kwa nini hanunui leo, amepata ruhusa ya kupiga tena, na amejua lini. Tena ameepuka kuleta kutoka Kariakoo mali ambayo ingelala chumbani. "Hapana" yenye tarehe ni mali.

Msomaji aangalie pia kwamba salamu hazikukatwa na dakika hazikuliwa. Siri iko katika yale maneno "nina jambo moja dogo". Baada ya salamu, yanamtoa mwenzako wasiwasi kwamba pengine kuna msiba, na yanafungua mlango wa biashara bila kuvunja adabu.

SIMU YA DENI

Hii ndiyo simu inayoogopwa kuliko zote, na wahenga walikwisha sema: kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini deni lisiloulizwa hugeuka zawadi, na aliyelichukua huanza kukukwepa njiani. Hapo umepoteza fedha na mteja kwa pamoja. Kuuliza mapema kwa upole ndiko kunakolinda udugu.

Kanuni ya kwanza ni siri. Simu ikipokewa na mume, mtoto au jirani, deni halitajwi. Sema tu, "Naomba umwambie nilimpigia, nitampigia tena." Anayetangaza deni la mwenzake nyumbani kwake amemwaibisha, na habari hiyo itazunguka kijiji kizima kabla ya jioni.

Kanuni ya pili, usiulize "utanilipa lini?" Swali hilo hujibiwa kwa "Inshallah". Uliza, "Katika ile elfu ishirini, leo unaweza kunipunguzia ngapi?" Mtu asiyekuwa na elfu 20 huenda ana elfu 5, na akishatuma elfu 5 deni halimtishi tena. Akituma, mpigie au mwandikie papo hapo, umshukuru na umtajie salio lililobaki, ili pasiwe na ubishi siku za usoni.

Kanuni ya tatu, jua kalenda ya mfuko wa mteja. Mkulima wa ufuta hupata fedha katikati ya mwaka baada ya minada ya stakabadhi ghalani. Mwenye korosho hupata kuanzia miezi ya mwisho wa mwaka. Mwenye mshahara hupata mwisho wa mwezi. Mfanyakazi wa kambi ya watalii ana kalenda yake, kwani kambi nyingi hufunga masika, Aprili na Mei, wakati mvua zimeharibu njia za hifadhini. Kumpigia mtu huyo mwezi Mei na kumkuta hana kitu si bahati mbaya, ni kutokujua soko.

Hali kadhalika, mji hubadilika. Mkataba wa ujenzi wa bwawa la umeme la Julius Nyerere ulitiwa saini Desemba 2018, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme Februari 2024. Eneo lenye mradi wa megawati 2,115 huvuta vibarua, madereva na mafundi wakati wa ujenzi, na ujenzi ukielekea ukingoni wateja wa namna hiyo huondoka na namba zao. Daftari la simu ambalo halijapitiwa tangu wakati ule limejaa watu ambao hawapo tena.

Kanuni ya nne ni utu. Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yaliharibu mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mteja aliyepoteza shamba hapigiwi simu ya deni wiki ile. Anapigiwa simu ya pole, na deni halitajwi hata kidogo. Atalitaja mwenyewe hali itakapotengemaa, na aliyepigiwa simu ya namna hiyo hasahau.

KWA MWENYE KUWEKA MTAJI

Wapo wasomaji wetu ambao hawauzi wenyewe, bali huwapa mtaji ndugu au jirani na kugawana faida. Kwao makala haya yana faida ya pekee. Kabla ya kutoa fedha, usiulize tu mali itanunuliwa wapi na kwa bei gani. Omba kuona daftari la simu.

Daftari zuri lina safu nne: jina, alichochukua au alichosema, kiasi anachodaiwa, na tarehe ya kumpigia tena. Safu ya nne ndiyo muhimu kuliko zote. Daftari lenye madeni bila tarehe za kupiga simu ni daftari la matumaini, na matumaini hayalipi marejesho. Mwenye kukuonyesha tarehe tatu zilizopita na majibu aliyopata, hata kama majibu hayo ni "hapana", huyo anaijua biashara yake.

Daftari hilo pia litunzwe. Namba ya mteja ni amana. Tangu mwaka 2023 nchi yetu inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria ilikuwa aibu kugawa namba za watu ovyo. Ukitaka mteja akupe namba ya rafiki yake, mwombe kwanza amwulize rafiki huyo. Ukipiga simu ukiwa na ruhusa, nusu ya woga imekwisha ondoka.

Lipo jambo la mwisho la kusema kwa uwazi. Hofu ya simu haiishi yote. Hata wauzaji wa miaka mingi, kabla ya simu nzito, hukohoa kidogo na kunywa maji. Tofauti yao na wengine ni kwamba baada ya kunywa maji wanapiga. Mficha uchi hazai, na mwenye kuficha mali chumbani akingoja wateja waote ndoto kwamba ipo, asilaumu soko.

Kwa hiyo, msomaji, kesho asubuhi kabla hujauliza bei ya kitu chochote, fungua daftari lako. Chagua watu watatu waliokulipa bila usumbufu, simama chini ya mwembe, uwabishie hodi kwa kuwashukuru. Simu hizo tatu zitakugharimu dakika chache, na ndizo zitakazokufungulia njia ya kufika, wiki ya nne, kwa wale watano walioshika laki yako.